Utando wa Kumi na Nane

Hilda Pobjoy hakuwa mtu wa kujishusha. Alipokuwa na miaka kumi na minne, siku yake ya kwanza katika kiwanda cha tumbaku, msimamizi alimuuliza kama mikono yake ni miepesi. "Miepesi kuliko yako, bibi," akajibu. Wanawake wote wa chumba kile waliinamia meza zao wasionekane wakicheka. Alipewa kazi, na jina la Malkia alipewa siku hiyohiyo.

Kwetu Bedminster, ng'ambo hii ya mto, msichana hakuulizwa atafanya kazi gani. Alikwenda tumbaku alikokwenda mama yake, basi. Hilda aliwekwa chumba cha majani. Jani linalazwa mezani uso juu, unabana uti wake kwa kidole gumba, unauvuta mara moja, na jani linabaki nusu mbili. Nusu ya kulia inakwenda rundo la kulia, ya kushoto rundo la kushoto. Ole wako uyachanganye, maana sigara nene zinazoviringwa kwa nusu ya kulia huzungushwa upande mmoja, na za kushoto upande mwingine, na ukilaza jani kifudifudi badala ya chali basi kulia kumegeuka kushoto na rundo zima limeharibika. Hilda aliweza kutofautisha uso na mgongo wa jani kwa ncha ya kidole, macho yake yakiwa dirishani. Kwa miaka tisa hakurudishiwa rundo hata moja, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo.

Mwaka wa hamsini aliona tangazo gazetini. Maabara ya juu kilimani ilitaka wanawake wenye macho mazuri na subira. Elimu si lazima.

"Macho mazuri unayo," mama yake, Bi Gladys, akasema. "Hiyo subira utaazima kwa nani?"

"Wakiona macho hawataiuliza."

Na kweli hawakuiuliza. Walimkalisha mbele ya hadubini, wakamwambia ahesabu punje nyeusi ndani ya mstari. Alihesabu mara moja. Mwanamume mmoja mrefu, Daktari Tredwell, alihesabu mara tatu ndipo akafikia hesabu ya Hilda. Jumatatu iliyofuata alivuka daraja na kupanda kilima kwenda kazini, na kwa miaka ishirini na sita hakuacha kukipanda.

Kazi yenyewe nitaieleza mara moja tu. Kutoka huko nje, mbali kuliko jua, chembe zinatunyeshea usiku na mchana bila kukoma. Nyingi zinavunjikia hewani juu kabisa, hazitufikii zikiwa nzima. Anayetaka kuziona hana budi kupeleka kitu huko juu zipite ndani yake. Kitu chenyewe ni utando wa jelatini iliyochanganywa na fedha, ndugu wa filamu ya kamera lakini mnene zaidi. Unafungwa kwenye karatasi nyeusi, unaninginizwa chini ya puto la plastiki kubwa kuliko kanisa, unapanda maili kumi na saba, unakaa huko saa kadhaa, kisha unashuka kwa parachuti popote upepo utakapopenda. Ukishausafisha kwa dawa kama picha, kila chembe iliyopita imeacha mstari wa punje nyeusi. Chembe yenye mbio huacha mstari mwembamba, uliokatikakatika. Inayochoka hunenepesha mstari wake, na mwishowe husimama.

Mistari hiyo haionekani kwa macho matupu. Wasomi walijua kuieleza, lakini waliokuwa na saa za kukaa na kuitafuta walikuwa wanawake kumi na wawili katika chumba kirefu cha ghorofa ya juu, kila mmoja na hadubini yake, chupa yake ya mafuta ya lenzi na mto wake wa kukalia. Palikuwa na desturi moja pale, nami naisifu hadi leo. Picha ya jambo jipya ilipochapishwa katika jarida, chini yake waliandika jina la yule aliyeliona kwanza. Mtazamaji: Bi fulani. Kwa herufi ndogo, lakini lipo. Ivy Gingell, mjane aliyekaa kiti cha pembeni mwa Hilda, alikuwa nayo matatu, ameyakata kwa mkasi na kuyahifadhi ndani ya kopo la biskuti.

Hilda baada ya mwaka na zaidi hakuwa na hata moja. Jambo hilo lilimkera kuliko baridi ya kile chumba.

Kisha likaja puto la Agosti mwaka wa hamsini na moja. Hadi wakati huo kila utando ulikuwa umegandishwa kwenye kioo chake tangu kiwandani, na mstari ukitoka nje ya utando ndiyo kwaheri, hutauona tena. Safari hii walirusha tando arobaini zisizo na vioo, zimepangwa moja juu ya nyingine kama kurasa za kitabu, ili mstari ukitoka ukurasa mmoja uufuate katika unaofuata. Hakuna mtu pale aliyewahi kufanya hivyo. Puto likapanda, likashukia shamba la tanipu huko Wiltshire. Mkulima akalifunika sanduku la tando kwa gunia lisichomwe na jua, akanywa chai juu yake akisubiri gari.

Kazi ya kuzitenganisha ilifanyika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu iliyofifia hata usione pua ya mwenzako. Hilda ndiye aliyechaguliwa kunyanyua, kwa ajili ya vidole vyake. Ananyanyua utando, anataja namba, anaulaza mezani. Ivy anakata kona ya chini ya kulia kwa mkasi, iwe alama, na kuandika namba kwa penseli. Kisha Bwana Yandle, fundi, anaugandisha kwenye kioo.

Walikwenda vizuri mpaka wa kumi na nane. Huo ulikuwa umeshikana na wa chini yake kwa unyevu, na Hilda akalazimika kuubandua kuanzia upande wa pili. Ulipoachia ulijiviringa na kumng'ang'ania kwenye kiganja.

"Una nini wewe?" Ivy akauliza gizani.

"Umeniganda."

"Kama soksi ya marehemu mume wangu. Ile ilikuwa haivuliki mpaka uiombe kwa jina."

Hilda alicheka hadi machozi, akauhamisha utando mkono hadi mkono, akaukunjua na kuulaza. "Kumi na nane," akasema. Mkasi ukalia, kona ikakatika. Walipofika wa thelathini alikwenda kunywa chai, na Daktari Tredwell akavua koti akashika zamu yake.

Mwezi Oktoba Hilda alikuwa akifuata mstari mmoja kutoka utando wa tisa. Wa kumi upo, wa kumi na moja upo, na kila utando unavyozidi mstari unanenepa. Ilikuwa chembe inayochoka. Aliufuata hadi wa kumi na saba, ukatokea chini yake ukiwa mnene vizuri. Akaweka utando wa kumi na nane chini ya lenzi, mahali palepale. Hapakuwa na kitu. Akatafuta pembeni, akatafuta mbele na nyuma, siku mbili nzima. Mstari umekwisha, na pale mwisho wake hakuna mistari iliyotawanyika kama nyota, ya kiini kilichopasuka, wala chembe ndogo iliyozaliwa.

Alimwita Daktari Tredwell. Naye alitafuta siku tatu. Siku ya nne alikuja amechana nywele.

"Bi Pobjoy," akasema, "unajua umeona nini?"

"Nimeona kitu kilichokwisha bila kusema kwa nini."

"Hasa! Chembe iliyokufa bila kuacha maiti. Imegeuka kuwa vitu visivyoacha mstari. Kuna watu huko Ulaya wanasema chembe ya namna hiyo haiwezi kuwepo." Alikuwa akisugua mikono. "Nitaandika wiki hii. Na chini ya picha, bila shaka, jina lako."

Hilda alisema "asante" kwa uso mkavu, kama mtu aliyepewa chenji yake. Alipotoka nje aliteremka kilima akikimbia, na koti lake halikufungwa kifungo.

Nyumbani Bi Gladys hakuelewa chembe wala maiti. Alielewa jina kuchapishwa. Kesho yake alikwenda East Street akanunua fremu, ya mti mweusi, kubwa ya kutosha picha ya harusi. Akaitundika juu ya jiko la makaa la sebuleni ikiwa tupu, ili mahali pasichukuliwe. Kisha akatoka mlangoni kumsubiri Bi Bessell wa nyumba ya pili.

"Jirani, unaiona ile fremu?"

"Naiona. Mbona haina kitu?"

"Kitu kinakuja. Mwanangu amegundua kifo kipya."

"Mungu wangu! Vile tulivyonavyo havimtoshi?"

"Wewe endelea kucheka. Utaomba kukigusa."

Bi Bessell alicheka kweli, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Pale kilabuni, kwenye mchezo wa kuangusha pini ambao Hilda alicheza kila Alhamisi, walimpa zamu ya kwanza. Akaangusha pini zote tisa kwa mpira mmoja. Wiki ile ilikuwa yake.

Wiki iliyofuata aliona mstari wa pili. Huu ulikuja kutoka kona nyingine kabisa ya utando, ukaingia kumi na saba, ukatoka chini. Kumi na nane, hakuna kitu. Daktari Tredwell alipoambiwa alipiga meza kwa furaha hadi wino ukamwagika. "Miwili!" akasema. "Sasa hakuna wa kutubishia." Akarudi ofisini kwake kuongeza ukurasa.

Lakini Hilda hakurudi na furaha kwenye kiti chake. Mmoja kufia mlangoni, sawa, bahati. Miwili, iliyotoka pande tofauti, yote ikafie kwenye mlango uleule? Alimtazama Ivy, lakini Ivy alikuwa akihesabu. Alitoa utando wa kumi na nane akaukagua kwa macho. Kona iliyokatwa ilikuwa chini kulia, mahali pake. Namba ilikuwa sahihi. Akaurudisha.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa mezani na mkate wake wa mafuta ya nyama. Siagi ya mgawo ya wiki nzima ilikuwa imekwisha, na Bi Gladys, ambaye hakuamini kwamba siagi inaweza kwisha, aliikunjua karatasi yake akaiinua dirishani kuona kama kuna mahali kisu hakijafika. Ilikuwa karatasi ile ya mafuta inayopitisha mwanga. Mwenye duka huandika jina la kila nyumba juu yake kwa penseli nene. Mama aliisoma upande wake. Hilda, aliyekaa upande wa pili, aliliona jina lake likitembea kinyumenyume, limeanzia lilikopaswa kuishia.

Mkate ulibaki njiani kuelekea mdomoni. Aliona meza ya tumbaku, jani limelazwa kifudifudi. Kulia kumegeuka kushoto. Kisha akaikumbuka ile soksi ya marehemu.

"Mama, nipe hiyo karatasi."

"Bado ina siagi!"

"Mama, nipe."

Alifika kilimani kabla ya mlinzi kumaliza kufungua madirisha. Akaipangusa karatasi, akachora juu yake ukingo wa utando wa kumi na saba, akatia nukta mbili mahali ile mistari ilipotokea. Kisha akaigeuza karatasi kama unavyogeuza ukurasa. Akailaza juu ya kioo cha kumi na nane, akaona nukta zimeangukia wapi sasa. Zilikuwa upande mwingine kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutafuta. Akaweka tone la mafuta, akashusha lenzi.

Haikumchukua dakika kumi. Mstari ulikuwa hapo, mnene, mweusi, umetulia kama mtu anayesubiri basi. Tena ulikuwa ukipanda kutoka upande wa kioo kuja juu, jambo lisilowezekana ila kama utando wenyewe umelala tumbo juu. Alikwenda wa pili, nao upo. Akatoa utando wa kumi na tisa, akatafuta mahali pa kawaida bila kugeuza chochote, na mstari ulikuwa umerudi njiani kwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliufuata. Ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Ndani ya ishirini na tatu ulitapatapa kidogo, ukasimama. Ilikuwa protoni, chembe ya kawaida kuliko zote, imechoka kwa namna ya kawaida. Kila mwanamke wa chumba kile alikuwa ameshaziona mia.

Ile kona ya kulia ilikuwa imekatwa kwa uaminifu, lakini ilikatwa baada ya utando kugeuzwa. Na aliyeugeuza alikuwa yeye. Hilda Pobjoy, Malkia, ambaye kwa miaka tisa hakurudishiwa rundo.

Iliuma. Sitasema hakulia, maana Ivy alipoingia na mwavuli wake alimkuta ameinamia hadubini na kioo cha kuchungulia kimelowa.

"Kuna nini, mwanangu?"

Hilda alimwonyesha. Ivy alitazama kumi na saba, akatazama karatasi ya siagi, akatazama kumi na nane. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akakaa kwenye mto wake taratibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Basi tuko wawili, na mimi ni kiziwi." Ivy alishusha sauti. "Sikiliza, shoga. Daktari anapeleka bahasha kwa posta ya saa kumi. Mwache apeleke. Wao ndio wenye digrii. Mwakani watagundua wenyewe, watasema aa, kumbe, na hakuna atakayemkumbuka aliyenyanyua. Wewe jina lako litakuwa limeshatoka. Nani atakuja Bedminster kulibandua ukutani?"

Hilda alirudisha jicho kwenye hadubini. Usidhani hakulitamani. Aliiona fremu, aliuona uso wa Bi Bessell, aliwaona wale wa kilabuni. Alikuwa na haki ya kulitamani, kwa vile hajawahi kuiba kitu chochote na hili lilikuwa limewekwa mkononi mwake.

"Tatizo lako hujanisikiliza, Ivy," akasema mwisho. "Jina langu litakuwa chini yake. Chini ya kitu ambacho hakipo. Bora lisiwepo mahali popote."

"Utasema ni wewe uliyenyanyua?"

"Wakiuliza."

"Watauliza."

"Basi nitasema."

Akafuta macho kwa mkono wa sweta, akachukua vioo viwili na karatasi, akaenda kugonga mlango wa ofisi. Daktari Tredwell alikuwa amekaa mbele ya bahasha kubwa ya kahawia, gundi bado mbichi.

"Daktari, ifungue hiyo."

"Bi Pobjoy, nimeifunga sasa hivi."

"Ndiyo maana nasema ifungue, haijakauka."

Alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alimfuata kwenye hadubini, akakaa kwenye kiti cha Hilda, magoti yakigonga meza kwa urefu wake. Alikaa pale saa nzima. Wanawake kumi na mmoja waliobaki waliendelea kujifanya wanafanya kazi, na kengele za basi zilisikika kutoka barabarani. Aligeuza karatasi. Akaigeuza tena. Hatimaye aliinua kichwa, masikio yamekuwa mekundu.

"Nani alinyanyua tando siku ile?"

"Mimi."

"Na huu wa kumi na nane?"

"Mimi. Uliniganda mkononi nikaugeuza nikicheka. Sikujua mpaka leo asubuhi."

"Wiki tatu," akasema, na sauti haikuwa nzuri. "Wiki tatu za maisha yangu, Bi Pobjoy. Mkutano wa wasomi ni Jumatatu. Nimeshawaandikia watu wa Ulaya."

"Hata mimi ni wiki tatu zangu, Daktari. Kiti ulichokalia ni changu. Na mama yangu naye ameshawaambia watu, tena wako mlangoni hivi sasa, sio ng'ambo ya bahari."

Daktari alisimama, akatoka, akafunga mlango kwa nguvu. Ivy alisema, bila kuinua macho, kwamba mwanamume akikosa chai ya saa nne huwa hivyo. Hakuna aliyecheka. Bahasha haikwenda posta.

Jumamosi ni nusu siku. Daktari Tredwell aliingia amechelewa, hakuchana nywele, na mkononi ana karatasi ya siagi kutoka jikoni kwake, bado ina jina lake. Alisimama mbele ya Hilda kama mwanafunzi.

"Nionyeshe unavyofanya," akasema. "Tutazipima zote arobaini."

Hilda hakuringa, au hakuringa sana. Alimwonyesha namna ya kushika ukingo, namna ya kutia nukta tatu wala si mbili, namna ya kugeuza. Waliketi bega kwa bega hadi mchana, Ivy akiandika. Utando mmoja baada ya mwingine, safi. Walipofika thelathini na tatu nukta hazikukaa. Waligeuza karatasi, zikakaa.

Ivy aliweka penseli chini. "Samahani, Daktari," akasema kwa sauti tamu kama jamu, "wa thelathini na tatu alinyanyua nani? Maana Hilda alikuwa kwenye chai."

Chumba kizima kiligeuka. Daktari Tredwell aliangalia dari. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika meza, na Hilda naye, na wale wengine kumi na mmoja wote. Hilda aliniambia baadaye kwamba kicheko kile ndicho kilichomrudisha kilimani Jumatatu, maana alikuwa ameshaanza kuwaza meza ya tumbaku.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Alimwambia mama yake chakula kikiwa mezani, madonge ya maini na njegere, na Bi Gladys alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa uma.

"Kwa hiyo hakuna kifo kipya."

"Hakuna, Mama."

"Na jina?"

"Hakuna."

"Na hili umelisema wewe mwenyewe. Hawakukukamata."

"Hawakunikamata. Fremu nitaishusha kesho."

Bi Gladys aliitazama fremu. "Fremu haishuki," akasema. "Sijaitundika ili nishushe. Kula, chakula kinapoa."

Ikakaa pale tupu majira yote ya baridi. Bi Bessell alipita kila asubuhi kuuliza kama kifo kimeshafika au kimepata ajali njiani. Kilabuni walimwita Hilda Tumbo-Juu. Aliitika kwa jina hilo, akachukua zamu yake, akaangusha pini. Juu kilimani hakukunyanyuliwa tena utando bila karatasi ya siagi pembeni, na kabla ya puto jipya kuruka walichapa kwa mwanga alama ndogo upande mmoja wa kila utando, ili usiweze kusema uongo. Alama hiyo alikuwa ameipendekeza Hilda. Akapewa chumba cha giza kiwe chini yake, na Bwana Yandle akalazimika kumwomba ruhusa ya kuwasha taa.

Vuli iliyofuata puto jingine lilileta kitu cha kweli. Aliyekiona alikuwa Ivy, jina la nne la kopo la biskuti. Jarida lilipotoka Daktari Tredwell alikuja nalo chumbani, akampa Ivy nakala yake, kisha akampa Hilda nakala nyingine iliyofunguliwa ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, chini ya kila kitu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, palikuwa na maneno: mpangilio wa tando ulihakikishwa kwa njia ya Bi H. Pobjoy, aliyegundua kosa katika mrundo wa kwanza.

Bi Gladys aliusoma kwa kioo cha kukuzia, mara mbili. Hakukata kitu. Aliutia ukurasa wote kwenye fremu, akapiga mstari mwekundu chini ya yale maneno, akaufuta vumbi mti mweusi. Kisha akafungua mlango wa mbele.

"Jirani! Njoo, kimefika."

Bi Bessell aliingia na aproni yake, akasogeza pua hadi kwenye kioo. Alihangaika na zile herufi.

"Aliyegundua... kosa? Hiki ndicho kilichongojwa mwaka mzima? Kosa la nani?"

"Lake mwenyewe," Bi Gladys akasema, akakunja mikono kifuani. "Na wewe la kwako umeshaligundua, au nikuazime kioo?"